Msiba wa Ghalani

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kuanzia saa mbili hadi saa nne kasorobo, kisha jua la kuchoma juu ya tope.

Saa nne na dakika kumi simu ya Laurensia ililia uani kwake, Misugusugu, Kibaha. Mimi na yeye tulikuwa tumekaa kibarazani tukichambua mchele, kila mmoja na ungo wake. Aliiweka simu juu ya kigoda, akabonyeza spika kwa kidole chenye vumbi la pumba.

"Mke mwenzangu," sauti ya mwanamke ilisema, "mume wetu wamemtundika ukutani."

Aliyepiga ni Mwanajuma, mjane wa mzee Kitwana wa Chanzige, Kisarawe. Mzee Kitwana alifariki mwezi wa pili, na Mwanajuma alikuwa bado yumo kwenye eda. Kumwita Laurensia mke mwenza ulikuwa utani wa miaka mingi. Laurensia ni Mnyamwezi wa Sikonge, Kitwana alikuwa Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara.

"Nani kamtundika?"

"Faraji. Mwanangu mwenyewe. Mjukuu wangu Firdausi kanionyesha kwenye simu. Uso wake, Laurensia. Uso wa josho la maiti, na pamba puani, na kitambaa cha kufungia taya. Mkubwa kama mlango. Watu wanasimama mbele yake wanapiga picha."

"Si useme na Yahya?"

"Shemeji Yahya wamempeleka huko huko, nimempigia, kasema atalizungumza. Atalizungumza lini? Jumanne wanampeleka Ulaya. Kuna makumbusho huko wameitaka hiyo picha. Mimi siwezi kuvuka kizingiti mpaka eda iishe. Ningeweza ningekwenda na panga."

Laurensia aliupepeta ungo wake mara mbili. "Panga la nini," akasema. "Tulia. Mimi utani wangu sijautoa bado."

Laurensia si mtu wa kupendwa. Nasema hivyo nikiwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa. Amegombana na mtaa mzima kwa sababu ya maji, na mwenyekiti wa mtaa hupita njia ya nyuma asikutane naye. Alikuja Kibaha mwaka 1989 akimfuata mumewe, Gregori, aliyekuwa kwenye gengi la vibarua wa reli upande wa Kwala. Yeye mwenyewe alifanya kazi chumba cha kufulia hospitalini miaka ishirini na minne, mpaka alipostaafu. Mikono yake imebabuka kwa dawa za kufulia, na hajui kusema jambo kwa sauti ya chini, kwa kuwa mashine za kule zilikuwa na kelele.

Urafiki wao na Kitwana ulianzia relini. Kitwana alikuwa akiwapelekea watu wa gengi mihogo na machungwa kwa baiskeli, akiuza huku anawatukana. Gregori alipokufa mwaka 2011, Kitwana alifika mazikoni, akaruka ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akajilaza chali. "Fupi hili," akasema. "Miguu ya Mnyamwezi itabaki nje, tutaanikia nguo." Alikataa kutoka mpaka alipopewa jogoo. Laurensia aliniambia kwamba siku ile ndipo alipoweza kulia vizuri, kwa kuwa alianza kwa kucheka.

Kitwana alipokufa, Laurensia alikuwa Sikonge kwa dada yake mgonjwa. Alirudi matanga yameshaanuliwa. Aliona haya kubwa. Mtani asipofika mazikoni ni kama deni lisilo na mtu wa kukudai, unabaki nalo mwenyewe.

Faraji, mtoto wa pili wa Kitwana, nilimjua kwa sura. Ana miaka thelathini na minne. Alianza kwa kuchora picha za tingatinga kwa ajili ya watalii, akaziacha, akasema zile ni chapati, moja inafanana na nyingine. Akaenda kusoma sanaa nje miaka miwili. Aliporudi, yeye na wenzake walikodi ghala la zamani la saruji kando ya barabara ya Morogoro, hapa hapa Misugusugu, wakalipaka rangi nyeupe ndani na kuliita Jumba la Sanaa Ghalani. Siku hiyo ya Jumamosi ilikuwa ufunguzi wa maonyesho yake, na tangazo lilikuwa limebandikwa hata kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Liliandikwa: *Msiba. Kazi mpya ya Faraji Kitwana. Karibuni mkae.*

Tulifika saa nane na nusu. Laurensia alivaa gauni lake la kanisani na khanga juu. Alinichukua nimsomee maandishi, maana miwani yake ilivunjika kioo kimoja.

Chumba cha kwanza kilikuwa na kazi za wasanii wengine. Kulikuwa na turubai kubwa lililopakwa rangi ya samawati tupu, na mstari mmoja mwekundu chini. Nilisoma kibao: *Foleni, Kimara*. Laurensia aliliangalia akapita. Lakini kwenye sanamu moja alisimama muda mrefu. Ilikuwa imeungwa na fundi wa kuchomelea wa Kwala, kwa vyuma chakavu vya makontena na springi za magari: mtu aliyeinama chini ya mzigo, hana kichwa.

"Huyu mgongo unamuuma," akasema. "Hapa, chini kidogo ya mbavu."

Msimamizi wa jumba, dada mmoja mrefu aitwaye Fadhila, alisogea akitabasamu. "Umeona vizuri, mama. Wengine huuliza kichwa kiko wapi. Uzuri wa sanaa ya kisasa ni kwamba haikulazimishi uone nini."

"Vizuri," Laurensia alisema. "Basi na wewe usinilazimishe. Kitwana yuko wapi?"

Fadhila alituelekeza chumba cha pili, akatuomba tuvue viatu.

Kilikuwa msiba. Sina neno jingine. Jamvi lilitandikwa ukuta kwa ukuta. Pembeni palikuwa na birika la kahawa kwenye jiko la mkaa na vikombe vidogo kwenye beseni la maji. Mezani palikuwa na daftari la rambirambi, na wageni walikuwa wakiandika majina yao. Baiskeli ya Kitwana ilisimamishwa kwenye kona, kanzu yake ikaning'inia juu ya usukani, na redio yake ilikuwa chini. Faraji alikaa karibu na mlango amevaa kanzu na kofia, akipokea mikono. Watu wapatao arobaini, wengi vijana wa Dar wenye miwani na begi za kitambaa, walikuwa wanakuja mmoja mmoja kumwambia "Pole sana," naye anaitikia "Tumeshapoa."

Na ukutani, juu ya kila kitu, kwenye kitambaa cha bango kilichofungwa kwa kamba kwenye misumari miwili, ulikuwa uso wa mzee Kitwana. Picha nyeusi na nyeupe. Faraji alikuwa mmoja wa waliomwosha baba yake, na aliipiga kwa simu wakati wa kuosha. Macho hayakufungika sawasawa. Sitaieleza zaidi.

Chini ya picha walikaa wazee watatu kutoka Kisarawe, na wa katikati alikuwa Yahya, mdogo wake marehemu. Faraji aliwatumia gari asubuhi na mapema akawaambia kuna kisomo cha baba. Walipoingia wakakuta ukuta ule, wakaona aibu kutoka. Yahya alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia vidole vya miguu yake.

Laurensia alipeana mkono na Faraji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto wa Mzaramo. Mama yako kakuomba uitoe ile."

Aliisema kwa sauti yake ile ile ya chumba cha mashine. Watu wakageuka.

Faraji alitabasamu kwa midomo tu. "Mama atanielewa baadaye. Nyinyi mmezoea picha za kinyozi, mtu kanyolewa vizuri, anacheka. Mimi nachora kifo. Hiki ni kifo chenyewe, hakijapakwa poda."

"Kifo cha nani?"

"Cha baba yangu."

"Aliyekuruhusu nani?"

Faraji akainuka. Nadhani aliona simu zimeanza kumwelekea, akaamua kuzungumza na wote. "Ndugu zangu, swali la mama ni la siku zote. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, msanii mmoja alichukua choo cha kukojolea, akakiandika jina, akakipeleka kwenye maonyesho ya sanaa. Watu walifoka. Waliuliza hivyo hivyo: kakuruhusu nani? Leo hakuna kitabu cha sanaa ya kisasa kisichomtaja."

"Kilikuwa choo cha nani?" Laurensia aliuliza.

"Cha dukani, mama. Hakikuwa cha mtu."

"Ahaa," Laurensia alisema. "Cha dukani."

Mtu mmoja alicheka. Faraji alimtazama, kisha akaendelea kwa haraka zaidi. Alisema zamani msanii alikuwa akitengeneza mfano wa kitu, na mtazamaji anasimama nje yake. Siku hizi kuna sanaa ya kusimika: unaingia ndani ya kazi, unakaa, unakunywa kahawa yake, na wewe ni sehemu yake. "Kwa hiyo hapa," akasema, "hamwangalii picha ya msiba. Huu si mfano. Huu ni msiba wenyewe."

"Msiba wenyewe?" Laurensia aliuliza.

"Msiba wenyewe."

"Si mchezo?"

"Si mchezo, mama."

"Yahya, umemsikia mtoto wa kaka yako? Kasema msiba wenyewe."

Yahya aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Nimemsikia," akasema.

"Basi mtani wenu yuko wapi?"

Faraji alikuwa ameweka jamvi, kahawa, daftari, wazee, hata beseni la kusuuzia vikombe. Alisahau mtani. Mzaramo aliyesahau mtani kwenye msiba wa baba yake! Wazee wawili pembeni ya Yahya walitazamana.

Laurensia alifunga khanga kiunoni, akatembea hadi katikati ya jamvi, akajilaza chali. "Wazaramo!" akapaza sauti. "Kwa ngoma hamjambo, kwa kazi mnatafuta kibarua! Mume wangu kafa mmekwenda kumficha kwenye ghala la saruji! Mmeona mchwa wa Kisarawe hawatamweza?"

Vijana wa Dar walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja alimwinamia na kamera mpaka karibu na pua. Faraji naye, nilimwona, uso ulimfunguka. Alimnong'oneza Fadhila, "Acha aendelee, acha, hii ni safi sana."

Laurensia aliinuka, akamimina kahawa, akanywa, akaitema kwenye beseni. "Chungu kama roho zenu." Akavaa kanzu ya marehemu juu ya gauni lake. Akamwendea Yahya, akamvua kofia, akajivika. Yahya akacheka. Akacheka huku machozi yakimtoka, akijifuta kwa kiganja, na wazee wenzake wakaanza kumjibu Laurensia: "Mpagazi wewe! Beba mzigo wako urudi Tabora!"

"Nabeba!" Laurensia alisema. "Mzigo wangu ndio huu." Akapanda juu ya kigoda kilichokuwa kando ya birika na kufungua kamba ya msumari wa kwanza.

Bango likaanguka upande mmoja, uso ukakunjamana katikati.

"Mama, hapo basi," Faraji alisema.

"Kazi haziguswi, mama," Fadhila alisema naye, akimkimbilia. "Tafadhali. Tunaheshimu sana mila, lakini kazi haziguswi."

"Kazi ipi? Mimi niko msibani. Mtani anachukua cha marehemu anachokitaka." Akafungua kamba ya pili. Kitambaa chote kikaporomoka juu ya jamvi.

Makofi yaliendelea, lakini machache. Faraji alikuwa amevuka jamvi. Alishika pindo moja la kitambaa. "Chukua baiskeli," akasema. "Mila inasema mwenye msiba anakomboa. Nakomboa. Chukua baiskeli, chukua redio."

"Sitaki baiskeli."

"Nitakupa jogoo kumi."

"Sifugi."

"Hii imeshaombwa na makumbusho! Unajua makumbusho ni nini? Watu milioni watamwona baba yangu. Baba yangu, muuza mihogo! Nani mwingine Kisarawe atawekwa pale?" Sina shaka kwamba aliyasema hayo akiyaamini. "Wewe mfua mashuka, unajua nini kuhusu sanaa? Maisha yako yote umefua mavi ya wagonjwa."

Yule kijana wa kamera aliishusha.

"Ndiyo," Laurensia alisema. "Nimefua mashuka ya waliokufa miaka ishirini na minne. Yalikuwa yakija na kila uchafu. Lakini kila aliyetoka wodini ametangulia alitoka amefunikwa uso. Mwenye ndugu na asiye na ndugu. Hata kichaa aliyeokotwa barabarani alifunikwa." Alivuta kitambaa. "Baba yako kakosa nini?"

Faraji hakuachia. Aliuinua mkono mwingine, na mimi niliyekuwa karibu niliona umekwenda juu kama wa mtu anayetaka kupiga. Sijui kama angepiga. Yahya alisema, bila kuinuka pale alipokaa:

"Faraji. Umemkasirikia mtani. Msibani kwa baba yako."

Kwa mgeni maneno hayo si kitu. Kwa Mzaramo ni fedheha ambayo itasimuliwa harusini kwako, na kwa watoto wako. Mwenye msiba huvumilia mtani hata akikalia jeneza. Faraji aliutazama mkono wake, akaushusha, kisha vidole vya mkono wa pili vikaachia pindo.

"Jirani," Laurensia aliniita, "shika pembe."

Sikuwa nimekuja kushika kitu. Nilishika pembe mbili, yeye mbili, tukanyoosha. Tuliukunja uso kwa ndani, kama shuka, mara moja, mara mbili, tukikutana katikati kila mkunjo, mpaka kikawa kifurushi cha kuingia kwapani. Alivua kanzu akairudisha kwenye baiskeli, akaipunguza mikunjo kwa kiganja. Kofia akamrudishia Yahya.

"Ninayo kwenye kompyuta," Faraji alisema nyuma yetu. Alisema polepole, ili kila mtu asikie. "Sawa? Hicho ni kitambaa tu. Kesho asubuhi nachapisha nyingine. Ukichukua hiyo nachapisha kumi."

Laurensia alikuwa anavaa viatu mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. "Chapisha," akasema.

"Na polisi nitakuitia."

"Waambie wavue viatu."

Yahya na wazee wawili walitoka nyuma yetu. Gari lililowaleta lilikuwa limesimama pale, dereva akafungua mlango. Yahya alikataa kupanda. Walikwenda kwa miguu kwenye tope hadi kituo cha basi, wameshika kanzu zao juu ya vifundo. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano.

Njiani nilimuuliza Laurensia kama Faraji angechapisha kweli. Akasema, "Atachapisha. Ni mkaidi kama baba yake." Nilimuuliza atafanya nini. Alinijibu kwamba msiba wa watu wa pwani hauishi kwa siku moja, na kwamba ameshinda kutwa kwenye misiba mingi akiwa na miguu inayouma kuliko leo.

Jumapili, tarehe 18 Mei. Anga safi, upepo kidogo. Laurensia hakwenda misa ya kwanza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Saa kumi na mbili na nusu alipanda bodaboda kwa njia ya Kiluvya mpaka Chanzige, kifurushi kimefungwa ndani ya khanga. Mwanajuma alimngoja nyuma ya kizingiti. Laurensia aliniambia hawakukifungua. Mwanajuma alikipakata kidogo, akauliza, "Nani mwingine alimwona?" Laurensia akamwambia ukweli, kwamba walikuwa wengi. Kisha wakachimba shimo uani, nyuma ya choo cha kuogea, wakakifukia, na Laurensia akaukanyaga udongo usije ukafukuliwa na kuku. Hakukaa hata kunywa chai.

Saa nne kamili nilipita Ghalani. Viatu vya Laurensia vilikuwa mlangoni, peke yavyo. Fadhila alisimama nje akizungumza kwenye simu kwa Kiingereza, mkono kwenye paji la uso. Ndani, Laurensia alikaa peke yake katikati ya jamvi. Saa nne na robo Faraji alifika na picha mpya ndani ya bomba refu la karatasi kwapani, na nyundo. Walitazamana.

Laurensia alijisogeza kwa makalio mpaka kwenye ule ukuta mtupu, akaweka mgongo wake chini ya misumari miwili, akanyoosha miguu.